QuickBooks Online kwenye asasi yenye wafadhili wengi: tathmini ya mkuu wa fedha

Naongoza idara ya fedha na utawala kwenye asasi isiyo ya kiserikali hapa Morogoro. Kazi yetu ni maji na usafi wa mazingira mashuleni. Tuna ofisi ndogo Kilosa na Mvomero, na fedha zinatoka kwa wafadhili wanne, kila mmoja na masharti yake. Wahasibu wenzangu wa asasi wananiuliza mara kwa mara kama QuickBooks Online, programu ya hesabu ya mtandaoni, inatufaa sisi watu wa ruzuku, kwa sababu wauzaji huieleza kwa lugha ya dukani: mauzo, wateja, faida. Mimi nasema inafaa, mradi mkuu wa fedha akae chini apange misimbo ya hesabu yeye mwenyewe kabla vocha ya kwanza haijaingizwa. Programu haitakupangia. Ninayoyasema hapa yanahusu toleo la Plus, ndilo tunalolitumia.

Mfanyabiashara anataka kujua kama amepata faida. Kwetu shilingi ileile inaulizwa na watu watatu. Mfadhili anataka kuona imetumika kwenye kifungu alichokiidhinisha. Bodi inataka kujua asasi nzima imesimamaje, na kama mishahara ya robo ijayo ipo. Serikali nayo ina TRA ya kodi, ina NSSF ya hifadhi ya jamii, ina Msajili wa NGOs anayesubiri hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Ukiweka hesabu kwenye Excel, matokeo yake ni kuwa na faili la mfadhili, faili la bodi na faili la kodi, na siku mkaguzi wa nje anapofika anakuta jumla tatu zisizolingana. Programu yoyote ya asasi naipima kwa jambo hilo moja: muamala ukiingizwa mara moja tu, je, utawajibu wote watatu?

Chukua vocha ya mafuta. Gari limejazwa dizeli ya shilingi 300,000 pale Msamvu, linakwenda Kilosa. Ndani yumo afisa wa mradi wa maji, na yumo afisa wa usafi wa shule ambaye kazi yake inalipwa na mfadhili mwingine. Dereva ameandika kwenye kitabu cha safari kilomita za kila kituo na nani alishuka wapi. Kwa kilomita hizo, mradi wa maji unabeba asilimia 60 na mradi wa shule asilimia 40. Kwenye QuickBooks naingiza malipo hayo mara moja, kwa mistari miwili. Wa kwanza ni akaunti ya mafuta, klasi (yaani lebo ya mradi) ya maji, 180,000. Wa pili ni akaunti ileile ya mafuta, klasi ya shule, 120,000. Sehemu ya mteja, ambayo mwenye duka huandika jina la mnunuzi, sisi tunaweka jina la mfadhili. Sehemu ya lokesheni inashika muamala mzima, nayo tunaandika Kilosa. Mwisho wa mwezi mfadhili wa maji anaona 180,000 yake, mfadhili wa shule 120,000 yake, bodi inaona 300,000 za mafuta, na mratibu wa Kilosa anajua ofisi yake imetumia kiasi gani.

Ndiyo maana nasisitiza mpangilio. Orodha ya akaunti iwe fupi na ieleze aina ya matumizi tu: mishahara, mafuta, posho, pango, ukarabati wa gari. Usitengeneze akaunti ya "mafuta mradi wa maji" na nyingine ya "mafuta mradi wa shule". Toleo la Plus lina kikomo cha akaunti 250, na asasi inayochanganya mfadhili ndani ya jina la akaunti inakifikia kikomo hicho ikiwa bado changa. Mradi ni kazi ya klasi, mfadhili ni kazi ya sehemu ya mteja, ofisi ni kazi ya lokesheni. Klasi na lokesheni kwa pamoja zinaishia 40 kwenye Plus, kwa hiyo mradi ukifungwa na ukaguzi wake ukaisha, zima klasi yake. Taarifa za zamani zinabaki palepale.

Sura ya programu ni ya Kiingereza, lakini majina ya akaunti na klasi unayaandika wewe. Sisi tumeyaandika kwa Kiswahili, na kila msimbo una sentensi moja ya maelezo kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani kwa karani wa fedha wa Kilosa. Karani anayejua kwamba "posho za washiriki" na "posho za watumishi" ni akaunti mbili, na kwa nini ni mbili, anakuepusha na jenali nyingi, yaani maingizo ya kusahihisha hesabu.

Kwa upande wa vielelezo, programu hii imenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kila anayefanya kazi ya fedha nchini anazijua risiti za EFD, mashine za risiti za TRA: karatasi laini, wino wa joto. Ukiiacha kwenye faili la vocha kwa mwaka, hasa ofisi yenye joto kama ya Kilosa, maandishi yanapauka mpaka unabaki na kipande cheupe kilichopigwa pini. Wafadhili wetu wanataka nyaraka zitunzwe kwa miaka, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inadai miaka 5. QuickBooks inakuruhusu kuambatisha picha au PDF kwenye muamala wenyewe. Utaratibu wetu ni huu: karani anapiga picha ya risiti siku ileile anapoipokea, msimbo wa uhakiki wa TRA ukiwa unasomeka, kisha anaiambatisha pamoja na dokezo la maombi lenye saini na ukurasa wa kitabu cha safari. Mkaguzi wa nje akichagua sampuli ya vocha, anabonyeza muamala na kuona kila kitu bila kumwita mtu ashushe maboksi.

Halafu kuna kumbukumbu ya ukaguzi, ile orodha inayoonyesha nani aliingiza nini, saa ngapi, nani alibadilisha, kiasi kilikuwa kipi na kimekuwa kipi. Haizimiki. Hata mimi mwenye mamlaka ya juu kwenye mfumo siwezi kuizima, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Kwenye asasi ndogo karani mmoja mara nyingi anaandika hundi, anaingiza hesabu na kusuluhisha benki, kwa sababu hakuna watu wa kutosha kutenganisha majukumu. Kumbukumbu ya namna hii haimalizi tatizo hilo, lakini inampa mweka hazina wa bodi kitu cha kupitia. Wetu anaipitia kila robo mwaka, na tumeliweka hilo kwenye sera ya fedha. Pia funga vipindi: mwezi ukishasuluhishwa na kusainiwa, weka tarehe ya kufungia na nywila ambayo karani hana.

Watumiaji kwenye Plus ni watano. Zaidi ya hao, unaweza kuwapa watu wengine ruhusa ya kuona taarifa tu bila kula nafasi, na kuna nafasi mbili za wahasibu wa nje. Moja tunampa mkaguzi wakati wa kazi yake, kisha tunaiondoa. Waratibu wa miradi wana ruhusa ya kuona taarifa. Jambo hili limebadilisha maisha ya ofisi yetu zaidi ya lolote. Zamani simu ya asubuhi ilikuwa, "Mama, kwenye kifungu cha mafunzo nimebakiwa na ngapi?" Sasa mratibu anafungua taarifa ya klasi yake mwenyewe, anakuja na dokezo ambalo tayari lina bakaa, na mazungumzo yetu yanakuwa juu ya kazi. Mratibu anayeiona bajeti yake kila siku anaijali.

Sasa udhaifu wake kwa asasi, maana upo, na afadhali uujue kabla ya kulipa.

Wa kwanza ni bajeti. Unaweza kuigawa kwa klasi, na taarifa ya bajeti dhidi ya matumizi halisi inatoka safi. Lakini bajeti ya QuickBooks inafuata mwaka wa fedha wa miezi 12. Ruzuku haifuati mwaka wako wa fedha. Ruzuku ya miezi 18 inayoanza Machi itabidi uikate angalau vipande viwili, na mfadhili akitaka taarifa ya tangu mwanzo wa mradi, unaunganisha kwenye Excel. Isitoshe, programu haimzuii mtu kuvuka kifungu. Fedha ya posho ikiisha na karani akaingiza posho nyingine, itaingia. Kizuizi lazima kiwe kwenye karatasi ya maombi: kwetu dokezo halisainiwi bila bakaa ya kifungu kuandikwa na mtu wa fedha. Mtiririko wa idhini ndani ya programu upo kwenye toleo la Advanced, ambalo bei yake ni kubwa zaidi.

Wa pili ni fedha za kigeni, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni eneo linaloumiza asasi kimyakimya. Mwishoni mwa 2024 shilingi ilipanda sana. Bajeti zilizoandikwa dola ikiwa karibu shilingi 2,700 zilipokelewa dola ikiwa karibu 2,400. Kwa kila dola 50,000 hiyo ni pungufu ya shilingi milioni 15, na bei ya mabomba na mishahara haikushuka. QuickBooks inashika akaunti ya dola na ya euro vizuri, na hasara au faida ya ubadilishaji inaihesabu yenyewe. Kiwango inachokuletea unaweza kukibadilisha ukaweka kile ambacho benki ilikutumia kweli, na ufanye hivyo kila mara, ukiambatisha hati ya benki. Lakini taarifa ya mapato na matumizi inatoka kwa sarafu ya nyumbani tu. Mfadhili wa euro atataka taarifa ya euro. Sisi tunatumia wastani wa viwango vya awamu zilizopokelewa. Tuseme awamu ya kwanza ni euro 20,000 kwa 2,900 na ya pili euro 30,000 kwa 2,700. Jumla ni shilingi milioni 139 kwa euro 50,000, kwa hiyo kiwango cha taarifa ni 2,780. Hesabu hii inafanyika nje ya programu, kwenye jedwali lenye mstari wa kila awamu, na jedwali hilo linaambatishwa kwenye taarifa. Soma mkataba wako kwanza, kwani baadhi ya wafadhili wanaagiza kiwango chao. Na ujue kuwa ukishawasha matumizi ya sarafu nyingi, hayazimiki tena.

Wa tatu ni mishahara. QuickBooks haijui PAYE, kodi ya mishahara, ya Tanzania. Mishahara tunaitengeneza nje: PAYE, NSSF jumla ya asilimia 20 kwa sehemu ya mtumishi na ya mwajiri pamoja, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5, na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) asilimia 3.5 ambayo inamgusa mwajiri mwenye watumishi 10 au zaidi. Kisha tunaingiza jenali moja ya mwezi yenye mistari mingi. Kazi halisi iko kwenye kugawa mshahara kwa klasi. Mtumishi anayehudumia miradi mitatu anajaza karatasi ya muda wa kazi kila siku, msimamizi wake anasaini, na jenali inafuata saa hizo. Kwa fedha za serikali ya Marekani kanuni ziko wazi: mshahara unatozwa kwa kumbukumbu za kazi iliyofanyika, na makadirio ya bajeti peke yake hayatoshi kuwa ushahidi. Nimeona hoja za ukaguzi za asasi nyingine zikianzia hapa, mtumishi ametozwa asilimia 50 kwa 50 mwaka mzima na hakuna karatasi hata moja. Tarehe 7 ya mwezi unaofuata TRA wanasubiri PAYE, SDL na kodi ya zuio, na programu haitakukumbusha. Weka kwenye kalenda ya ukutani.

Kodi ya zuio yenyewe inashikika vizuri. Mshauri mkazi akileta ankara ya shilingi 2,000,000, asilimia 5 ni 100,000. Tunaingiza ankara yote kwenye klasi yake, kisha mstari hasi wa 100,000 unaokwenda kwenye akaunti ya deni la TRA. Mshauri analipwa 1,900,000, mradi unabeba 2,000,000 kamili, na deni la TRA linaonekana kwenye mizania mpaka lilipwe. Pango ni hivyohivyo kwa asilimia 10.

Masurufu pia yanawezekana, kwa nidhamu. Afisa akienda kuendesha mafunzo, fedha anayopewa inaingia akaunti ya masurufu ikiwa na jina lake, haiingii matumizi. Haiwi matumizi mpaka arudi na risiti na orodha ya mahudhurio. Posho za washiriki tunalipa kwa simu kwa mkupuo, na makato ya kutuma tunayaweka kwenye akaunti ya peke yake, maana kuna mfadhili anayeyakubali na kuna asiyeyakubali. Orodha yenye majina, saini na namba za simu inaambatishwa. Kila Ijumaa natoa taarifa ya akaunti ya masurufu kwa majina. Mwenye deni la zamani hapewi jipya, awe afisa au mkurugenzi. Mkurugenzi wetu alikubali kanuni hiyo mbele ya watumishi wote, na tangu hapo sijalazimika kubishana na mtu.

Benki zetu hatujaziunganisha na mfumo. Tunapakua taarifa ya benki kama faili la CSV, tunapunguza safu zibaki tarehe, maelezo na kiasi, kisha tunapakia. Ni kazi ya dakika chache, na usuluhishi wa benki wa QuickBooks ni mzuri sana: unatia alama muamala mmoja mmoja mpaka tofauti iwe sifuri, na taarifa inatoka tayari kusainiwa. Intaneti ni lazima. Siku mtandao umekatika Kilosa, karani anaandika kwenye daftari na kuingiza kesho yake. Kama ofisi yako iko mahali mtandao ni wa kubahatisha kila wiki, angalia TallyPrime, inayofanya kazi kwenye kompyuta yako bila mtandao na ina vituo vya gharama vinavyofanana na klasi. Na kama asasi yako ina mfadhili mmoja na vocha chache kwa mwezi, baki na Excel na daftari zuri la fedha. Pesa ya programu ipeleke kwenye mshahara wa mhasibu.

Mimi nilithibitisha thamani ya mpangilio huu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje. Mfadhili wetu mmoja alikuwa anatupitishia fedha za USAID. Barua ilitaka kazi isimame, na ilitaka kujua gharama zote zilizokwisha kuingiwa hadi tarehe ile: zilizolipwa na zisizolipwa. Nilichuja klasi ile, nikaweka tarehe, nikatoa matumizi. Nikatoa ankara ambazo hazijalipwa kwa klasi hiyohiyo, nikaongeza masurufu yaliyokuwa mikononi mwa maafisa na siku za mishahara kwa karatasi za muda wa kazi. Jioni ileile mkurugenzi alikuwa na karatasi mbili mezani, na karatasi ya pili ilikuwa ngumu kuisoma, kwa sababu ilionyesha ni watumishi wangapi mshahara wao ulitegemea klasi ile peke yake. Tuliwaita na kuwaambia ukweli kwa takwimu, mapema, wakiwa bado na muda wa kujipanga. Wenzangu kwenye asasi nyingine walitumia wiki kutafuta jibu hilo huku watu wao wakiishi kwa tetesi.

Gharama ya leseni inatozwa kwa dola na inabadilika, kwa hiyo iulize siku unayonunua, kisha iingize kwenye bajeti ya kila ruzuku kama sehemu ya gharama za uendeshaji. Msione aibu kuziomba gharama hizo. Kwa fedha za serikali ya Marekani, kiwango cha gharama za uendeshaji ambacho asasi isiyo na makubaliano maalumu inaweza kutoza kilipandishwa kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024, na wafadhili wengine wengi wako tayari kuzungumza ukiwapa hesabu inayoeleweka. Mhasibu, programu na ukaguzi ndivyo vinavyofanya fedha yao ionekane ilikokwenda.

Ukiamua kuanza, anza siku ya kwanza ya mwaka wako wa fedha, ukiwa na salio la kufungulia la kila mfadhili lililokubaliwa na mkaguzi. Usihamishe miaka ya nyuma. Jihadhari na mshauri anayekuahidi kuufungua mfumo kwa siku moja bila kuomba kuona mikataba yako ya ruzuku. Tulikutana na wa namna hiyo, tukamshukuru na kumwacha. Na kila mwezi ukishafungwa, pakua leja kuu, urari na usuluhishi wa benki, uvihifadhi nje ya mfumo na nakala moja kwa mweka hazina wa bodi. Leseni ni ya kukodi, na nyaraka za ruzuku zitaulizwa hata baada ya mradi kuisha.